Nani Aliyewahesabu? Wafu wa Vita katika Ufundishaji wa Kinjeketile na Mzalendo Kimathi

Utangulizi

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi kuhusu tamthilia ya Kinjeketile anaijua sentensi hii: Kinjeketile aliwadanganya watu na maelfu wakafa. Mtahiniwa huiandika kwa ujasiri, huweka nukta, kisha huendelea na hoja nyingine. Mwalimu naye huitia tiki kwa sababu ni kweli kwamba maelfu walikufa. Nami nimeitia tiki mara nyingi, hadi siku ambapo mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliinua mkono na kuniuliza, "Mwalimu, hao maelfu walihesabiwa na nani?" Darasa lilicheka. Mimi nilicheka nao, nikasema kwamba tutalirudia swali hilo, kisha kengele ikaniokoa.

Makala haya yanadhamiria kulirudia swali hilo. Hoja yangu ni kwamba idadi ya wafu katika fasihi ya vita si pambo la kuinogesha insha. Idadi ni dai, na dai lolote lazima lipimwe. Ikisomwa bila kuwekwa katika muktadha wake wa kihistoria, idadi humtia hatiani mhusika kwa makosa ya mwingine. Ikisomwa ipasavyo, inaweza kubadilisha kabisa hukumu yetu kuhusu mhusika, mgogoro na hata dhamira kuu ya kazi. Nitatumia tamthilia mbili: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) na Mzalendo Kimathi, yaani tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Huenda kazi hizi zisiwe vitabu teule mwaka ambao mwalimu anayasoma makala haya. Hata hivyo, njia inayopendekezwa hapa yafaa kwa utungo wowote unaozungumzia vita.

Maswali Manne ya Kuiuliza Idadi

Kabla ya kuingia katika tamthilia zenyewe, ni vyema tukubaliane kuhusu maswali ambayo mhakiki anapaswa kuiuliza idadi yoyote ya wafu anayokutana nayo.

Kwanza, ni nani aliyehesabu? Mara nyingi aliyehesabu ndiye aliyeshinda. Yeye ndiye aliyekuwa na karani, daftari na wakati. Aliyeshindwa alikuwa akikimbia au akizika.

Pili, ni nani aliyehesabiwa? Askari aliyevaa sare huwa na nambari yake, na akianguka nambari hiyo hufutwa katika orodha ya mishahara. Mpagazi aliyembebea askari huyo risasi huenda asiandikwe kwa jina. Mtoto aliyekufa kwa njaa kijijini huwa hamo katika daftari lolote la jeshi.

Tatu, walikufaje, na lini? Kuna waliouawa vitani na kuna waliokufa kutokana na vita. Makundi haya mawili hayafanani. Katika vita vingi vya Afrika Mashariki, kundi la pili ndilo kubwa zaidi.

Nne, ni wangapi kati ya wangapi? Watu 1,000 waliokufa katika nchi ya watu milioni 50 si sawa na watu 1,000 waliokufa katika tarafa moja. Idadi peke yake haina uzito. Uzito wake huonekana tunapoilinganisha na idadi ya walioachwa hai.

Kinjeketile: Risasi na Njaa

Tuanze na yale yanayojulikana katika historia. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, kusini mwa Tanganyika, pale wenyeji walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi huohuo, maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge na mamia wakaangushwa na bunduki za rashasha. Vita viliendelea hadi mwaka wa 1907. Takwimu za Wajerumani wenyewe zilikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria G.C.K. Gwassa, aliyefanya utafiti miongoni mwa wazee wa sehemu hizo, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa upande wa Wajerumani, Wazungu waliokufa walikuwa 15, mbali na askari weusi waliopigana chini yao.

Sasa tuyaulize maswali yetu manne. Pengo kati ya 75,000 na 300,000 si kosa la hesabu tu. Linatokana na swali la nani aliyehesabu na nani aliyehesabiwa. La muhimu zaidi ni swali la tatu: walikufaje? Waliokufa kwa risasi ni sehemu ndogo. Wengi walikufa kwa njaa. Na njaa hiyo haikuletwa na ukame. Baada ya kuona kwamba wapiganaji wameacha kushambulia boma waziwazi na kuingia msituni, wakuu wa jeshi la Kijerumani chini ya Gavana von Götzen waliamua kuchoma vijiji, kuteketeza mashamba na kutwaa chakula kilichohifadhiwa ghalani, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuweza kuimaliza. Waliokufa kwa sababu hiyo walikuwa wazee, akina mama na watoto kuliko wapiganaji.

Turudi katika tamthilia. Mhakiki makini ataona kwamba Hussein hafungui mchezo wake kwa mkuki wala kwa ngoma ya vita. Anaufungua kwa njaa. Wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wanazungumzia ukosefu wa chakula huku waume wakifanyishwa kazi katika shamba la pamba la Mjerumani. Watahiniwa wengi hulitaja onyesho hilo kama ushahidi wa ukatili wa wakoloni, kisha hulisahau. Kwa maoni yangu, onyesho hilo ndilo ufunguo wa kuhesabu wafu wa vita hivi. Njaa ilikuwako kabla ya maji. Historia inatuambia kwamba njaa ilikuja tena baada ya maji, mara hii ikiwa kubwa zaidi na ikiwa imepangwa. Maji ya Kinjeketile yako katikati ya njaa mbili, na njaa zote mbili zilitoka katika mkono mmoja.

Hapo ndipo sentensi ya mtahiniwa inapoyumba. Akisema kwamba Kinjeketile aliwadanganya watu na maelfu wakafa, amewabebesha maji mzigo wa wafu wote. Lakini ni wafu gani hasa wanaoweza kuhusishwa na imani kwamba risasi itageuka maji? Ni wale walioikabili bunduki ya rashasha vifua wazi. Hao walikuwa wengi na kifo chao kinaumiza, na Kitunda katika tamthilia ana haki ya kuuliza ilikuwaje. Lakini mama aliyekufa na wanawe mwaka wa 1906 karibu na ghala lililoteketezwa hakufa kwa sababu aliamini maji. Alikufa kwa sababu ofisa fulani aliamua afe. Ukimweka mama huyo katika hesabu ya Kinjeketile, umemsaidia ofisa huyo kuiosha mikono yake.

Patakuwa na mwalimu atakayepinga: kama maji yasingalikuwako, vita visingalienea, na kama vita visingalienea, mashamba yasingalichomwa. Pingamizi hili lina nguvu nami silidharau. Tamthilia yenyewe inalipa nafasi, kwa kuwa Kinjeketile anaonyeshwa akisitasita, akihofia ujumbe alioupokea, na vita vinaanza kabla hajatoa idhini. Mtahiniwa anaweza kabisa kuhitimisha kwamba Kinjeketile ana lawama. Ninachodai ni kwamba aseme lawama hiyo ni ya wafu gani.

Kuna jambo jingine la kifani. Tamthilia inafikia mwisho wake huku Kinjeketile akiwa mfungwa, akikataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu neno likishatoka litarithiwa na vizazi. Katika historia, Kinjeketile alinyongwa mwanzoni kabisa mwa vita, na sehemu kubwa ya vifo ikaja baadaye. Hussein mwenyewe anatahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa wala si nakala ya yule wa historia. Hata hivyo, katika tamthilia na katika historia, jambo moja ni sawa: anayekataa kulikana neno hajui njaa inayokuja. Hadhira inajua, yeye hajui. Kinaya hiki cha kidrama ndicho kinachoipa kauli yake ya mwisho uzito na uchungu. Mwanafunzi asiyejua wafu wa Maji Maji walikufa lini hawezi kukiona kinaya hiki. Ataona ushujaa mtupu au ukaidi mtupu.

Mzalendo Kimathi: Hesabu ya Mahakama

Tamthilia ya pili inatuleta karibu na nyumbani. Dedan Kimathi alishtakiwa Nyeri mwaka wa 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Hakushtakiwa kwa kumuua mtu. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi kinyume cha kanuni za Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Tamthilia inaanza kesi yake kwa shtaka hilohilo, na jambo la kwanza tunaloliona kwa mshtakiwa ni kimya. Kimya hicho kina maana. Mahakama inahesabu bastola moja na risasi chache. Mshtakiwa anahesabu ardhi na watu, na kwa hiyo hana jibu linalotoshea swali aliloulizwa. Ni hesabu mbili ambazo haziwezi kujumlishwa pamoja.

Takwimu za historia zinaufafanua mgongano huu. Kwa mujibu wa hesabu rasmi ya serikali ya kikoloni, wapiganaji wa Mau Mau 11,503 waliuawa. Raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa zaidi ya 1,800. Mwanahistoria David Anderson ameonyesha kwamba watu 1,090 walinyongwa kwa amri ya mahakama, wengi wao, kama Kimathi, wakiwa hawakushtakiwa kwa kuua bali kwa makosa kama vile kumiliki silaha au kushirikiana na wapiganaji. Anderson anakadiria pia kwamba wapiganaji waliouawa walizidi 20,000.

Mwanafunzi akipewa nambari hizi bila maelezo, atafanya jambo moja kati ya mawili: ataziorodhesha, au atakasirika. Kazi ya mwalimu ni kumfunza kuziuliza. Nambari 11,503 ni ya nani? Ni ya jeshi, na jeshi lilihesabu maiti zilizoonekana. Majeruhi aliyejikokota msituni Kirinyaga akafia chini ya mwanzi hamo. Je, kila aliyeandikwa kuwa mpiganaji alikuwa mpiganaji kweli? Katika vita vya aina hii, aliyepigwa risasi usiku nje ya kijiji aliandikwa gaidi asubuhi. Na 32 je? Hao walijulikana kwa majina, picha zao zikachapishwa magazetini hadi London, na kila mmoja alikuwa na kaburi. Wala simaanishi kwamba wasingehuzunikiwa. Nasema tu kwamba mfu mwenye jina hupewa uzito kuliko wafu 11,503 wasio na majina, na kwamba serikali iliyohesabu ilijua hivyo.

Kisha kuna wale ambao hawamo katika orodha yoyote kati ya hizi. Kati ya mwaka wa 1954 na 1955, watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati wa wakati huo walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Mwaka wa 2005 Caroline Elkins alilinganisha sensa ya 1948 na ya 1962, akadai kwamba watu kati ya 130,000 na 300,000 hawakuonekana. Mwaka wa 2007 mtaalamu wa elimu ya idadi ya watu, John Blacker, aliipinga hesabu hiyo, naye akakadiria kwamba vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida vilikuwa takriban 50,000. Wengi hulitaja jibu la Blacker kana kwamba lilipunguza msiba. Wasisahau sehemu ya pili ya jibu lake: takriban nusu ya hao 50,000 walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka 10.

Hapa tena hukumu yetu ya kihakiki inabadilika. Tukifuata nambari ya jeshi, Mzalendo Kimathi ni tamthilia kuhusu wanaume wenye bunduki. Tukifuata hesabu ya Blacker, tunaanza kuelewa kwa nini waandishi walimpa mwanamke na vijana wawili, mvulana na msichana, nafasi kubwa katika mchezo ambao jina lake ni la jemadari. Wahakiki wengi hueleza nafasi hiyo kwa kusema kwamba inaashiria vizazi vijavyo. Ni kweli. Lakini akina mama na watoto hawakuwa ishara tu. Ndio waliokuwa wakifa vijijini.

Embu: Majina Badala ya Nambari

Hadi hapa nimetegemea vitabu. Lakini mwalimu anayefundisha Embu anafundisha mahali ambapo wafu hawa ni wa ukoo. Waingereza waliiteka Embu kwa msafara wa kijeshi mwaka wa 1906. Miaka michache baadaye, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana wa milima hii walikusanywa, hasa katika msako mkubwa wa mwaka wa 1917, wakapelekwa kubeba mizigo ya jeshi huko Tanganyika. Kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na unga usioiva vizuri.

Walikuwa wangapi? Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Kati yao takriban 45,000 walitoka Kenya, na mwanahistoria Edward Paice amekadiria kwamba idadi hiyo ilikuwa sawa na mwanamume mmoja katika kila wanaume wazima wanane. Hebu tulinganishe. Australia ilipoteza wanajeshi takriban 60,000 katika vita hivyohivyo, na leo hata mji wake mdogo una nguzo iliyochongwa majina yao. Jijini Nairobi, katika Barabara ya Kenyatta, kuna sanamu tatu zilizozinduliwa mwaka wa 1928, mojawapo ikiwa ya mpagazi. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Hapo hapajaandikwa jina hata moja la mpagazi. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Nilipoyajua haya, niliwapa wanafunzi wangu kazi ya likizo. Kila mmoja alitakiwa kuwauliza wazee wake swali moja: ni nani katika ukoo wetu aliyetoka wakati wa vita asirudi? Msichana mmoja alirudi na maelezo ya nyanya yake. Ami ya nyanya huyo alichukuliwa wakati wa Kariokor na hakuonekana tena. Kwa Waembu, kama kwa majirani zetu Wakikuyu, mtoto hupewa jina la jamaa wa ukoo, kwa hiyo kaka mdogo wa nyanya alipozaliwa alipewa jina la ami huyo. Mtoto huyo naye alifariki mwaka wa 1955 katika kijiji cha Hali ya Hatari, kwa surua na njaa. Miaka mingi baadaye nyanya alipojifungua mwana, akampa jina hilohilo. Mwana huyo ndiye mjomba wa mwanafunzi wangu, na hadi leo ni mzima.

Jina moja, wafu wawili. Wa kwanza hamo katika sanamu ya Nairobi. Wa pili hamo katika 11,503. Lakini wote wawili wamehesabiwa, na aliyewahesabu ni mwanamke ambaye hakuwahi kuona daftari la serikali. Nilielewa siku hiyo kwamba mtindo wetu wa kupeana majina ni kumbukumbu ya wafu iliyodumu kuliko nyingine nyingi. Nilielewa pia kwa nini P.M. Kareithi, alipoandika riwaya yake ya Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau mwaka wa 1969, aliiita Kaburi Bila Msalaba. Msalaba ni alama ya aliyehesabiwa. Kaburi la Kimathi mwenyewe lilichimbwa katika gereza la Kamiti bila alama.

Tahadhari: Chumvi na Kimya

Makala haya yasichukuliwe kuwa wito wa kuongeza idadi. Baadhi yetu walimu, kwa uchungu wa uzalendo, hutaja darasani mamia ya maelfu bila kueleza hesabu hiyo ilitoka wapi, na anayeuliza huonekana msaliti. Kutia chumvi idadi ya wafu ni kuwatukana. Mfu mmoja aliyebuniwa huwatilia shaka wafu kumi wa kweli.

Isitoshe, hesabu ya haki haina upande mmoja. Wale Waafrika zaidi ya 1,800 waliouawa na Mau Mau ni watu, wakiwemo akina mama na watoto waliochomwa Lari mnamo Machi 1953. Usiku huohuo na siku zilizofuata, watu wengine wengi waliuawa kwa kulipiza kisasi. Mzalendo Kimathi haikwepi kabisa uchungu wa ndugu kwa ndugu. Katika mahakama ya msituni, Kimathi anakabiliana na wasaliti, mdogo wake mwenyewe akiwemo, na huruma yake inamgharimu. Katika darasa langu mjukuu wa aliyekula yamini msituni ameketi dawati moja na mjukuu wa homugadi. Wote wana wafu. Mwalimu anayewahesabu wa upande mmoja pekee anamfundisha nusu ya darasa kunyamaza.

Nacho kimya si jambo la wakoloni pekee. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na al-Shabaab. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Miezi minne baadaye shirika la habari la CNN liliripoti kwamba walikuwa wasiopungua 141, na rais wa Somalia wa wakati huo alikuwa ametaja idadi kubwa zaidi. Wanafunzi wetu wanajua familia zilizopokea majeneza. Wanapomsoma Hussein au Ngũgĩ na Mũgo, hawasomi habari za kale.

Darasani

Napendekeza hatua tatu ambazo mwalimu mwenzangu anaweza kuzifuata bila gharama yoyote. Kwanza, mwanafunzi anapoandika "watu wengi walikufa", asipewe alama kabla ya kuongeza maneno mengine matatu: nani, vipi, lini. Pili, ajadili ni vifo vipi vinavyotendeka jukwaani, vipi vinasimuliwa tu, na vipi vinaachwa nje ya tamthilia kabisa. Mwandishi huchagua, na uchaguzi huo ni sehemu ya fani. Tatu, alinganishe uchaguzi wa mwandishi na kumbukumbu za historia, bila kudai kwamba tamthilia ni kitabu cha historia. Mwandishi hana wajibu wa kutaja 75,000. Mhakiki ana wajibu wa kujua kwamba kuna 75,000, na kwamba kuna anayesema 300,000, na kwa nini.

Hitimisho

Mwanafunzi aliyeniuliza swali lile amekwisha kumaliza shule. Kama angekuwa mbele yangu leo, ningemjibu hivi: waliohesabu ni wale waliokuwa na kalamu, na walihesabu kilichowafaa. Waliosalia walihesabiwa na mama zao. Fasihi imesimama kati ya daftari la serikali na kumbukumbu ya mama, na anayeihakiki bila kujua yaliyomo katika yote mawili atamhukumu Kinjeketile kwa njaa ya von Götzen, na atamsoma Kimathi bila kuwaona watoto wa vijijini. Kuhusu sentensi ya kwamba Kinjeketile aliwadanganya watu na maelfu wakafa, siitii tiki tena. Pembeni yake huandika: maelfu gani?

Maswali ya Mjadala

1. "Njaa ndiyo mhusika mkuu wa tamthilia ya Kinjeketile." Jadili kwa kurejelea mwanzo wa tamthilia na matukio ya kihistoria yaliyofuata mwaka wa 1905.

2. Eleza umuhimu wa kimya cha mshtakiwa mwanzoni mwa kesi katika Mzalendo Kimathi.

3. Kwa kutumia utungo wowote wa vita uliousoma, onyesha tofauti kati ya vifo vinavyotendeka jukwaani na vile vinavyosimuliwa, na ueleze athari yake kwa hadhira.

4. Waulize wazee wa ukoo wako kuhusu mtu aliyetoka wakati wa vita asirudi. Andika tungo fupi, ya kishairi au ya kinathari, ambamo mtu huyo anatajwa kwa jina.